Shilingi ya Zamani Ina Thamani Gani? Namna ya Kuisoma Sarafu Kabla ya Kuamini Bei

Kila baada ya muda picha ileile hurudi kwenye makundi ya WhatsApp: shilingi ya mwaka 1966 yenye sura ya Mwalimu Nyerere au Mzee Kenyatta, na chini yake maneno kwamba kuna tajiri anainunua kwa mamilioni. Watu huinua magodoro, humwaga makopo ya vifungo, hupekua masanduku ya bibi zao. Sarafu hupatikana. Mnunuzi hapatikani, au hupatikana akidai atumiwe kwanza "ada ya usajili". Wanaolipa ada hiyo si wajinga. Ni watu wazima waliokosa mtu wa kuwaeleza jinsi thamani ya sarafu inavyopimwa, na inaniuma kwamba uongo huo umefunika ukweli wenye manufaa zaidi: zipo sarafu za Afrika Mashariki zenye thamani ya kweli, na mara nyingi huharibiwa au huuzwa kwa bei ya kutupa na watu walewale waliokuwa wakiihangaikia shilingi ya kawaida.

Kosa kubwa ni kuanza na umri. Mkusanyaji haulizi kwanza sarafu ina miaka mingapi. Anauliza zimebaki ngapi katika hali kama hii, na ni watu wangapi wanaozitaka. Mengine yote, yaani mwaka, madini, herufi ndogo zilizojificha pembeni na historia ya mfalme au rais, yana uzito pale tu yanaposaidia kujibu maswali hayo mawili.

Mwaka ulioandikwa si ushahidi wa kutosha

Chukua riale la Maria Theresa, lile pande kubwa la fedha lililotumika katika biashara ya Pwani, Unguja na Oman. Lina sura ya mtawala wa Austria na mwaka 1780, na karibu kila anayelipata huamini ameshika kitu cha zaidi ya miaka 200. Uwezekano mkubwa si hivyo. Maria Theresa alifariki mwaka huohuo wa 1780, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi walikuwa wameshaiamini sarafu yake kiasi kwamba viwanda viliendelea kuitengeneza bila kubadilisha mwaka. Imetengenezwa Vienna, Roma, London, Paris, Brussels, Birmingham na Bombay, baadhi katikati ya karne ya 20. Wataalamu hutofautisha matoleo kwa mambo madogo sana, kama manyoya ya mkia wa tai na lulu za kifungo kilichoshika vazi begani. Kwa riale la kawaida, bei hukaa karibu na bei ya madini yaliyomo: gramu 28 hivi, ambazo sehemu 833 kwa 1,000 ni fedha safi.

Kuna mwaka unaopotosha kwa njia nyingine. Pesa ya shaba ya Sayyid Barghash wa Zanzibar, yenye picha ya mizani upande mmoja, imeandikwa 1299 kwa tarakimu za Kiarabu. Asiyejua husema ni ya karne ya 13. Huo ni mwaka wa Hijria, na unaangukia 1881 hadi 1882. Pesa za kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki zinasaidia kuelewa jambo hili, kwa sababu zina tarehe zote mbili: 1890, 1891 na 1892 upande mmoja, na 1307, 1308 na 1309 upande mwingine. Sarafu hizi zote za shaba zimepita miaka 130. Hata hivyo zilitengenezwa kwa wingi mno, zikasambaa hadi ndani ya bara, na zilizolika bado ni rahisi kuzipata. Pesa ya Barghash iliyochakaa huuzwa kwa dola chache tu.

Zilizotengenezwa na zilizobaki ni mambo mawili

Sarafu inayofundisha somo hili vizuri kuliko zote ni ya senti 10 ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936, ile yenye tundu katikati. Ukiisoma pembeni utakuta jina la EDWARDVS VIII. Mfalme Edward VIII alitawala Uingereza tangu Januari 20 hadi Desemba 11, 1936, akaachia kiti kabla hata ya kutawazwa. Uingereza kwenyewe hakuna sarafu yake iliyoingia kwenye mzunguko. Afrika Mashariki ilipata za kwake kwa sababu rahisi: senti 5 na senti 10 zilikuwa na tundu, hazikuhitaji picha ya mfalme, jina tu lilitosha. Afrika Magharibi ya Kiingereza, Fiji na New Guinea zilipata kwa namna hiyohiyo.

Ukiisikia habari hiyo mara ya kwanza, unatarajia bei kubwa. Na ni kweli kwamba mwaka 2020 sarafu ya dhahabu ya majaribio ya mfalme huyuhuyu iliuzwa Uingereza kwa pauni milioni 1. Ile ya dhahabu, hata hivyo, ni moja kati ya chache mno zilizowahi kutengenezwa. Senti 10 zetu zilitengenezwa kwa mamilioni katika viwanda vitatu, na wengi wakaziweka kwa sababu ya kisa cha mfalme. Iliyotumika kwa kawaida haifiki hata dola tano. Kisa kizuri huifanya sarafu ipendwe, lakini hakipunguzi idadi yake duniani.

Kinyume chake nacho hutokea. Uganda ilitengeneza shilingi 5 ya mwaka 1972, wakati wa Idi Amin, kwa wingi, kisha ikaondolewa na sehemu kubwa ikayeyushwa. Anayesoma takwimu za kiwandani peke yake atadhani ni sarafu ya kawaida. Anayeitafuta ataona jinsi ilivyo adimu. Zanzibar ina mfano mzuri zaidi: mwaka 1908, chini ya Sayyid Ali bin Hamud, zilitengenezwa sarafu za senti 1, 10 na 20 ili kisiwa kiwe na mfumo wake wa senti. Mpango haukudumu, nyingi zikarudi kwenye tanuru. Ukikuta senti 20 ya Zanzibar ya 1908 kwenye sanduku la familia, usiiuze siku hiyo kwa yeyote aliyesimama mlangoni.

Kisha kuna Tabora. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, koloni la Wajerumani lilikuwa limezingirwa na manowari za Uingereza na sarafu kutoka Berlin hazikuweza kufika. Wajerumani wakaanza kutengeneza za kwao katika karakana ya reli Tabora. Walitumia shaba na shaba ya njano, ikiwamo ya maganda ya risasi, kutengeneza sarafu ndogo ziitwazo heller, za heller 5 na heller 20. Zina herufi T, na ukizitazama unauona ugumu wa vita: maandishi hayalingani, kingo si za duara kamili, nyingine zimepinda kidogo. Mtu asiyezijua huziona kama bandia, kumbe ndivyo zilivyozaliwa. Heller 20 za Tabora zilitengenezwa kwa mamia ya maelfu na zaidi, kwa hiyo zilizochakaa bado zinanunulika kwa makumi ya dola. Karakana hiyohiyo ikatengeneza rupia 15 za dhahabu, iliyotoka mgodi wa Sekenke, zenye tembo mbele ya milima. Zilifika zaidi kidogo ya 16,000, kabla ya jeshi la Wabelgiji kuuteka mji Septemba mwaka huo. Hizo huuzwa kwa maelfu ya dola. Mji mmoja, mwaka mmoja, karakana moja, na bei mbili zisizokaribiana hata kidogo.

Hali ya sarafu ndiyo inayoamua bei

Sarafu mbili za mwaka mmoja na kiwanda kimoja zinaweza kupishana bei mara 50, sababu ikiwa kwamba moja ilipita mikononi mwa watu miaka 20 na nyingine ilikaa kwenye bahasha. Wengi wetu hatujazoea kuona tofauti hii. Tukiona maandishi yanasomeka, tunasema ni nzima.

Uchakavu huanza sehemu zilizoinuka. Kwenye rupia ya Kijerumani ya 1890 hadi 1902, mtazame tai aliye juu ya kofia ya chuma ya Kaiser Wilhelm II, kisha geuza umwangalie simba aliyesimama mbele ya mnazi. Kama manyoya ya tai yamekuwa bapa, sarafu imetembea sana. Kwenye shilingi ya Afrika Mashariki, macho yaende kwenye manyoya ya shingo ya simba. Kwenye shilingi ya Tanzania ya 1966, angalia nywele na shavu la Mwalimu, kisha miali ya mwenge upande wa pili. Baada ya hapo izungushe polepole chini ya taa moja. Sarafu ambayo haijawahi kutumika ina mng'ao unaozunguka pamoja na mwanga, kama mistari ya jua juu ya maji. Mng'ao huo hutokana na chuma kutiririka chini ya shinikizo la mashine siku ilipogongwa, na ukishapotea haurudi.

Wakusanyaji wa kimataifa hupanga hali kwa kipimo cha alama 1 hadi 70. Alama 60 na kuendelea ni kwa sarafu zisizotumika kabisa, na zilizotumika hukaa chini ya hapo. Kampuni za Kimarekani kama PCGS na NGC hupokea sarafu, huithibitisha, huipa alama na kuifungia ndani ya plastiki ngumu yenye namba. Gharama za huduma hiyo pamoja na usafirishaji ni makumi ya dola kwa kila moja. Hakuna maana kuigharimia shilingi ya 1966 iliyolika. Kwa rupia 15 ya Tabora, ni pesa iliyotumika vizuri.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa kila msomaji alibebe hata akisahau mengine. Usisafishe sarafu. Usiisugue kwa limau na chumvi, majivu, dawa ya meno, Brasso, wala sifongo cha waya. Najua nia ni njema, mtu anataka mnunuzi aione inang'aa. Lakini tindikali ya limau hula uso wa chuma, na kusugua huacha mikwaruzo midogo ambayo mkusanyaji huiona mara moja chini ya lenzi. Pesa ya shaba yenye rangi ya kahawia iliyokolea na kutulia ni salama na inapendeza. Ikisuguliwa mpaka iwe na rangi ya waridi inayong'aa kama waya wa umeme, nusu ya thamani yake au zaidi imekwenda. Fedha nayo ikiwa nyeusi kidogo, iache ilivyo. Kama kuna udongo umeganda, loweka kwenye maji yaliyotoneshwa, yale ya betri ambayo hayajatiwa tindikali, kisha iache ikauke yenyewe juu ya kitambaa laini bila kuifuta.

Kwa wanaoishi Pwani adui mwingine ni hewa. Chumvi na unyevu huwasha kutu ya kijani kwenye shaba. Vifuko laini vya plastiki vyenye harufu kali navyo hutoa kemikali inayoacha utando wa kunata. Bahasha ndogo za karatasi isiyo na tindikali, ndani ya kopo linalofunga vizuri, zinatosha kabisa. Na sarafu ishikwe ukingoni, isiguswe usoni.

Zilizotobolewa au kuchomelewa kishikizo ili zivaliwe shingoni ni habari ya peke yake. Mariale na rupia nyingi ziliishia kwenye mikufu. Kwa mkusanyaji wa sarafu kishikizo ni jeraha, na bei hushuka hadi kukaribia uzito wa fedha. Kwa mtu anayethamini mapambo ya zamani, mkufu uliokamilika unaweza kuwa na thamani kuliko sarafu zake zikitenganishwa. Msiukate.

Madini huweka sakafu ya bei

Sarafu ya fedha haiwezi kushuka chini ya madini yake, kwa hiyo ni vyema kujua hesabu. Rupia ya Kijerumani, kama ile ya Kihindi iliyotumika Pwani, ina gramu 11.66, na sehemu 917 kwa 1,000 ni fedha. Hiyo ni karibu gramu 10.7 za fedha safi. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1921 ni ya fedha hafifu, sehemu 250 tu kwa 1,000, na uzito wake ni gramu 7.8 hivi. Ndani yake hamna hata gramu 2 za fedha. Unahitaji shilingi tano na nusu za aina hiyo kufikia fedha ya rupia moja. Kuanzia mwaka 1948 shilingi hizo hazina fedha kabisa. Ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, na shilingi za Nyerere na Kenyatta za 1966 ni hivyohivyo. Anayekwambia shilingi yako ya 1966 ina madini ya siri anakutayarishia ada ya usajili.

Herufi ndogo na wanunuzi walio mbali

Chini ya mwaka au karibu na ukingo mara nyingi kuna herufi: H ni Heaton wa Birmingham, KN ni Kings Norton, I ni Bombay, SA ni Pretoria. Kwenye sarafu za Kijerumani, A ni Berlin na J ni Hamburg. Zisome, kwa sababu mwaka uleule unaweza kuwa wa kawaida ukiwa na herufi moja na mgumu kupatikana ukiwa na nyingine. Hata rupia 15 za Tabora zina aina mbili, zinazotofautishwa na mahali pambo linapoishia chini ya neno OSTAFRIKA. Kwa kazi hii lenzi ya mara kumi inatosha.

Kuna pia miaka ya mpito, ambayo huzaa sarafu adimu. Kati ya 1920 na 1921 Afrika Mashariki ya Kiingereza ilitoka kwenye rupia, ikapitia florini, ikaishia kwenye shilingi, yote ndani ya muda mfupi mno. Sarafu za fedha za 1920 ziliishi kidogo kabla ya kuondolewa, kwa hiyo kila yenye mwaka huo inafaa kuchunguzwa kwa makini kabla ya kuuzwa.

Upande wa mahitaji tuseme ukweli. Sarafu za makoloni ya Kijerumani zina bei nzuri kwa sababu Ujerumani ina wakusanyaji wengi wenye uwezo, na za Kiingereza zinafaidika na wakusanyaji waliotapakaa dunia nzima. Sarafu za Tanzania huru, Kenya huru na Uganda huru hazina bado kundi kubwa la wanunuzi, kwa kuwa watu wenye nchi hizo ndio wangepaswa kuwa wa kwanza kuzitaka, na wengi wao bado hawajaanza. Samaki kwenye senti 5, mbuni kwenye senti 20, sungura kwenye senti 50 na mwenge kwenye shilingi, zote za mwaka 1966, ni seti ya kupendeza ambayo leo mtu anaweza kuikamilisha kwa pesa kidogo. Kwa maoni yangu anayeipenda historia yake aikusanye sasa, na achague zilizo safi kabisa, kwa sababu hizo ndizo chache. Zilizolika zitabaki kuwa nyingi.

Bandia, na rupia zenye "nguvu"

Rupia na sarafu za dhahabu za Tabora zina bandia nyingi. Anza na mizani ya kielektroniki ya kupima sehemu za gramu. Rupia yenye gramu 9 au 13 haina haja ya mjadala. Sumaku ifuate: fedha, dhahabu na shaba hazivutwi. Sarafu bandia za kumimina kwenye kalibu huwa na vitone vidogo vya hewa usoni, na ukingo wake huonyesha mstari pale nusu mbili zilipokutana. Kwenye riale, zungusha ukingo utafute maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA. Yakikosekana au yakiwa na ukungu, weka chini.

Kuhusu rupia zinazodaiwa kuwa na nguvu za ajabu, zile ambazo watu huuziana usiku kwa mamilioni na kuchimbiana mashimo chini ya nyumba za Wajerumani, hakuna mkusanyaji wala mnada unaolipia nguvu hizo. Rupia halisi ni kipande cha fedha chenye historia. Mwenye kuitangaza kwa uwezo wa kuvuta mali ameuacha ukweli wake ulio mzuri na kukuuzia hofu na tamaa.

Kuipata bei

Bei inayoombwa mtandaoni haina maana. Mtu yeyote anaweza kuiweka senti 10 ya 1936 kwa dola 10,000 na ikakaa hapo miaka, na picha ya tangazo hilo ndiyo inayozaa uvumi wa WhatsApp. Tafuta bei iliyolipwa. eBay ina kichujio cha vitu vilivyokwisha kuuzwa, nyumba za minada huweka matokeo yake wazi, na Numista ina katalogi ya bure yenye picha, uzito, kipenyo na idadi iliyotengenezwa. Linganisha na zilizo katika hali ya sarafu yako, si ile nzuri kuliko zote. Kisha kumbuka kwamba mfanyabiashara wa sarafu lazima apate faida; akikupa nusu au theluthi mbili ya bei ya mnada hajakuibia. Mnunuzi wa kweli ataomba picha safi za pande zote mbili na uzito. Hataomba umtumie pesa.

Mwisho, kuna sarafu ambazo hazipaswi kuingia sokoni. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, na zile za Pemba kama hazina ya zaidi ya sarafu 2,000 za fedha iliyofukuliwa Mtambwe Mkuu mwaka 1984, ni mali ya urithi. Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006. Zaidi ya sheria, kuna sababu ya kitaalamu. Sarafu za Kilwa hazikuandikwa mwaka, kwa hiyo muda wake husomwa kutokana na tabaka la udongo na vitu vilivyolala pamoja nazo. Sarafu moja ya Kilwa iliyopatikana Great Zimbabwe iliwaonyesha wanahistoria uhusiano wa biashara kati ya bara na pwani kwa sababu ilijulikana imeokotwa wapi. Ingefika dukani ndani ya mfuko wa plastiki, ingekuwa kipande cha shaba cha dola chache. Ukiiona ardhini, piga picha, weka alama mahali, usichimbe zaidi, na wasiliana na ofisi ya mambo ya kale au makumbusho iliyo karibu.